Nimeandikiwa nikamwone mwanasaikolojia. Kule ndani wanafanya nini hasa?

Dereva wa Uyole

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni dereva, miaka 34, naishi Uyole hapa Mbeya. Miaka tisa nimekula barabara na Fuso, viazi vya Isongole na Uporoto kupeleka Dar, lumbesa juu ya lumbesa. Mei mwaka jana nikapata ajali Kitonga, nateremka. Breki zilikataa. Kabini tulikuwa wawili, mimi na utingo wangu, mtoto wa shangazi. Mimi nilitoka na mshono kwenye paji la uso. Yeye tulimzika Tukuyu, mvua inanyesha.

Toka siku ile gari kubwa sijagusa. Naendesha bajaji ya mtu hapa mjini. Lakini hata kwenye bajaji, lori likishuka Mlima Nyoka likatoa ule mlio wa breki za upepo, viganja vinalowa, moyo unakwenda kama nimepandisha Loleza mbio, inabidi nisimame pembeni. Abiria wanadhani mafuta yameisha. Usiku ndiyo usiseme. Nalala saa tano, saa nane niko macho, nasikia viazi vinamwagika.

Nimepima moyo, presha, sukari, malaria mara nne. Vyote safi. Mchungaji ameniombea, nikalala vizuri siku mbili. Mama akanipeleka Kyela kwa mzee mmoja, nikachanjwa chale. Sasa daktari wa mwisho kaniandikia kikaratasi nikamwone mwanasaikolojia. Nimepiga simu: kikao dakika hamsini, elfu thelathini.

Elfu thelathini kwangu ni hesabu ya siku mbili kwa mwenye bajaji. Naomba aliyewahi kuingia huko aniambie wanafanya nini. Ni kuongea tu? Nitaonekana chizi? Na lingine: kuna jambo la asubuhi ile ya ajali sijamwambia mtu, hata mke wangu. Nikimwambia huyo mtaalamu, anaweza kulipeleka polisi au kwa bosi wangu wa zamani? Nawasilisha.

Mzee wa Kijiwe, Mafiati

Elfu thelathini ya kuongea? Njoo hapa Mafiati, tunaongea kutwa nzima na kahawa ni mia mbili. Wazee wetu walifiwa, wakapigana vita, hawakuwa na mwanasaikolojia, na walilala. Nunua kuku na mchele, kaa na familia yako, utapona.

Mwalimu wa Makambako

Kaka dereva, pole sana. Mimi nimeingia, tena mara mbili kwa watu wawili tofauti, kwa hiyo nikueleze tofauti.

Ilikuwa baada ya kujifungua mtoto wa pili. Nilikuwa namtazama mtoto kama mzigo wa jirani niliyeachiwa nimshikie. Wa kwanza niliyemwendea hata dakika kumi hazijaisha, akaanza kunisimulia ndoa yake. Kisha akanipa mstari wa Biblia na kuniambia nimshukuru Mungu, wapo wasiojaliwa. Nilitoka na mzigo wangu pamoja na wa kwake.

Wa pili alinipa karatasi yenye maswali kumi, yale ya akina mama waliojifungua, nikajaza mwenyewe. Tukayapitia moja moja. Halafu akaniuliza, "Ukipata nafuu, asubuhi yako itakuwaje?" Nikajibu bila kufikiri: nitakuwa nimeoga kabla ya saa nne. Akaandika hivyo hivyo. Kila kikao anaanza hapo: wiki hii umeoga saa ngapi? Mtu anaweza kucheka, lakini vikao sita baadaye nilikuwa naoga saa moja na mtoto namuogesha mimi. Kwa hiyo usiulize tu wanafanya nini. Uliza huyu unayemwendea anafanya nini.

Mama wa Gangilonga

Kamwene wana jukwaa. Nimekuwa muuguzi miaka kumi na minne, kisha nikarudi shule kusomea saikolojia na unasihi. Mimi ni Mnyakyusa niliyeolewa Uheheni, na chumba changu cha kazi kiko Iringa, Gangilonga. Jina hilo kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Wateja wangu wananitania kwamba jiwe linaongea, mimi ndiye niliyenyamaza. Siandiki hapa ili uje kwangu. Mbeya wapo watu, na safari ya Iringa sasa hivi siyo ya kukupa.

Dereva, pole kwa msiba. Naanza na pole kwa sababu kwenye maelezo yako malaria umeihesabu mara nne, na ndugu yako umempa mstari mmoja.

Wengi huja kwangu wamejipanga kama wanakwenda kuandikisha maelezo polisi: tarehe, saa, namba ya gari. Siku ya kwanza mimi siulizi habari za ajali. Kumkalisha mtu na kumkamulia tukio zima kwa mkupuo kulijaribiwa sana huko nje, na tafiti zikaonyesha hakusaidii, na wengine huwaongezea. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na wenyewe unasema usimshinikize mtu asimulie. Ukiona wa kwako anakukaba kwa maswali ya damu siku ya kwanza, mwambie bado. Akiendelea, chukua kofia yako.

Mimi siku ya kwanza ni bei, muda na siri. Bei naitaja mapema, maana mtu aliyekwisha kulia hawezi kupatana bei. Asiyeweza kila wiki tunafanya kila wiki mbili. Nimewahi kupokea debe la nyanya za Ilula, na hapo wenzangu niliosoma nao naomba warukie aya inayofuata.

Kuhusu siri, nakueleza kama ninavyomweleza anayeketi mbele yangu. Kinachosemwa chumbani kinabaki chumbani, isipokuwa: ukiniambia unataka kujiua au kumdhuru mtu, ukiniambia kuna mtoto anayeumizwa, au mahakama ikiniamuru. Hayo nayasema kabla hujafungua mdomo, ujue ukuta uko wapi. Mambo ya asubuhi ile yamekwisha kutokea. Mimi sina ripoti ya kumpelekea bosi wako wala trafiki. Ila nakusihi, usiliandike hapa. Hapa siyo chumbani, hapa ni stendi.

Siri kwenye mji kama wetu ina mambo ambayo kitabuni hayapo. Iringa mjini nikienda Soko Kuu kununua maharage, nakutana na wateja wangu watatu kabla sijamaliza. Kwa hiyo siku ya kwanza tunapatana: tukikutana nje, mimi sikusalimii mpaka wewe unisalimie. Ukipita kama hunijui, nami sikujui, na Alhamisi hakuna atakayemuuliza mwenzie. Wengi wanaona ni nafuu. Ila kulikuwa na mzee mmoja, rika la marehemu baba yangu, hilo lilimshinda kabisa. Kwake kupitwa na mtu mdogo bila shikamoo ni tusi, na watu watauliza huyu mama ana nini na mzee. Tukakaa na hilo jambo karibu nusu ya kikao. Mwisho tukaafikiana kwamba nitampa shikamoo kama ninavyompa mzee yeyote njiani, bila kusimama, na bila "za tangu juzi". Hiyo "za tangu juzi" ndiyo ingemuumbua.

Uliuliza kama ni kuongea tu. Ndiyo, ni kuongea, lakini anayeongea zaidi ni wewe. Hili neno "ushauri nasaha" tulilizoea kwenye vyumba vya kupima virusi, watu wakaelewa kwamba kazi yangu ni kushauri. Mama anakuja, anaweka pochi chini, anasema: niambie, niondoke au nikae? Mimi simwambii aondoke wala akae. Nikimwambia aondoke, kesho anakuja kunidai nyumba. Namuuliza akiondoka asubuhi ya kwanza ataamkia wapi, nani atafunga mlango, watoto watavaa nini kwenda shule. Akifika kwenye mlango ndipo analia, na hapo kwenye mlango ndipo penye kazi.

Lugha nayo. Wapo ambao Kiswahili kinawatosha kwa bei ya mbolea na ada za watoto, lakini wakimfikia marehemu wanahamia Kihehe bila kujua. Kihehe changu ni cha kuokoteza. Siwakatizi. Wakimaliza naomba wanitafsirie, na mara nyingi wanachotafsiri siyo walichosema. Wanasikia wenyewe tofauti, wananyamaza.

Mzee wa Kijiwe, sikupingi kwa kahawa. Harare, Zimbabwe, tangu 2006 akina bibi wanakaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kusikiliza watu wenye kile wanachokiita kufungisisa kwa Kishona, yaani kuwaza sana, na sisi tunasema tu "mawazo". Wakafanyiwa utafiti kwenye zahanati 24, matokeo yakatoka 2016, na waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Lakini wale bibi walifundishwa, wanasimamiwa, na wanajua yupi wa kumpeleka mbele. Kijiweni kwako dereva akisema la asubuhi ile, litakuwa limefika Mwanjelwa kabla kahawa haijapoa.

Uchizi: hapana. Siwezi kukuambia una ugonjwa gani kwa kukusoma hapa, na anayeweza kufanya hivyo mkimbie. Ila mwili unaoshtuka kwa mlio, ndoto, kukwepa barabara, kwa zaidi ya mwezi, hilo ni jambo linalojulikana. Lina jina, kwa kifupi cha Kiingereza PTSD, kwenye kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani tangu 1980, na lilisukumwa sana na askari waliorudi kutoka Vietnam. Na linatibika. Dawa mwanasaikolojia haandiki. Zikihitajika, daktari wa magonjwa ya akili ndiye mwenye kalamu hiyo.

Dereva wa Uyole

Shikamoo mama. Nimesoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa stendi kweli. Mstari mmoja niliompa ndugu yangu ni kweli. Sikuuona.

Nina mawili. Kwanza, watanilazimisha kupita Kitonga? Kama ndiyo, bora niseme sasa hivi siendi. Pili, usiku nakunywa kidogo ili nilale. Siyo ulevi, ni vipimo viwili tu. Nikimwambia atanifukuza?

Mama wa Gangilonga

Marahaba mwanangu.

Nianze na la pili, ni jepesi. Hakufukuzi. Wengi wa wanaume ninaowaona wanaingia na hicho kipimo, msimu wa mvua ni ulanzi, msimu mwingine ni chochote. Lakini hebu tazama saa zako mwenyewe. Umesema unalala saa tano na saa nane uko macho. Pombe inakuingiza usingizini, kisha ikianza kuisha mwilini inakuamsha na kuvuruga sehemu ya pili ya usiku, ambako ndiko kwenye ndoto nyingi. Sisemi ndiyo chanzo. Nasema vipimo viwili vinakununulia saa tatu na kukunyang'anya zilizobaki. Mweleze hivyo hivyo, na wiki moja andika kwenye daftari umekunywa nini na umeamka saa ngapi.

La Kitonga. Hakuna wa kukulazimisha, na kazi yenyewe haianzii Kitonga.

Nilikuwa na mama mmoja, mambo yake nimeyabadilisha asijulikane, aliyepata ajali ya bodaboda. Ikawa hapandi, kisha hapiti zinapoegeshwa, mwisho hatoki. Kila alipokwepa alipata unafuu wa dakika tano, na hofu ikapata shibe ya wiki. Vitabu vinataka mteja aitaje hofu yake kwa namba, sifuri mpaka mia. Namba zile hazikumwingia. Yeye muuza maharage, akaniambia: leo hofu ni debe. Basi tukatumia vipimo vya sokoni: debe, nusu debe, kisado. Tukapanga ngazi. Picha ya pikipiki kwenye simu, kisado. Kusimama karibu na iliyozimwa, nusu debe. Kuikalia ikiwa imezimwa, nusu debe na kidogo. Ikiwashwa, debe. Sharti lilikuwa moja: usishuke debe likiwa limejaa. Kaa, pumua, ngoja lipungue lenyewe. Siku aliyoikalia ikiwa imewashwa, shemeji yake ameishika usukani, alitetemeka karibu dakika ishirini. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nashika pochi yake. Kisha akasema, "Mbona limefika nusu?" Kama mtu aliyeibiwa. Hofu hushuka yenyewe ukiikalia, na mwili hauwezi kujua hilo mpaka uone.

Kwako ngazi ya kwanza huenda ikawa mlio wa breki za upepo uliorekodiwa kwenye simu, sauti ndogo, umekaa kwenye kiti. Kitonga inaweza kuwa ngazi ya mwisho, au isiwepo kabisa ukiamua kuendesha bajaji maisha yako yote. Mwisho wa ngazi unapanga wewe.

Sambamba na hayo, mkishazoeana, utaisimulia siku ile pole pole, kwa mpangilio, zaidi ya mara moja. Kuna mahali utakuwa unaparuka kila mara. Nadhani tayari unapajua. Huwa hapo mtu amejihukumu mwenyewe, amejifunga mwenyewe, na hajawahi kumpa yeyote nafasi ya kusoma hiyo hukumu. Mnaisoma pamoja. Pengine ina kweli ndani yake, sikuahidi kwamba utaambiwa huna kosa. Mnatenganisha ulichokijua asubuhi ile na unachokijua leo.

Vikao vya namna hii huwa nane mpaka kumi na viwili. Mwulize mwanzoni anatarajia vingapi na mtajuaje kama mnaenda mbele. Ukifika cha nne huoni hata dalili, mwambie usoni. Mimi nikiambiwa hivyo nakosa usingizi, lakini nafanya kazi vizuri zaidi.

Na atakuuliza kama umewahi kutamani usiwepo. Usishtuke. Kwenye karatasi ya kupima sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, yenye maswali tisa, la tisa ndilo hilo. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, kunamfungulia dirisha. Najua watu huku wanaficha, maana kwenye sheria zetu kujaribu kujiua bado ni kosa, na majirani wanalijua hilo kuliko wanavyojua njia ya hospitali. Kama jibu lako leo ni ndiyo, usingoje miadi. Mwambie mke wako usiku huu na mwende hospitali pamoja.

Mzee wa Kijiwe, Mafiati

Mama, nimekusikia. Hapo kwa kahawa kupoa umenionea kidogo lakini ni kweli, hapa tuna watu wawili ambao ni redio. Swali langu: mtu atajuaje huyu amesoma na huyu amebandika tu kibao?

Mama wa Gangilonga

Muulize amesomea nini, wapi, na nani anamsimamia kazi. Aliyesoma hakasiriki. Anayekasirika, mwache na kibao chake. Pia hospitali kubwa za serikali zina kitengo cha afya ya akili, na huko dereva anaweza kulipa kidogo kuliko hiyo elfu thelathini, ila ajipange kwa foleni.

Mwalimu wa Makambako

Niongezee: kaka, ukitoka kikao cha kwanza usipange kazi nzito. Mimi nilidhani nitarudi kusahihisha madaftari. Nililala mpaka saa kumi na moja jioni, mume wangu akadhani nimepewa sindano.

Dereva wa Uyole

Wakuu, narudisha mrejesho. Ni wiki tatu sasa. Nilienda, ile ya hospitali, foleni kweli. Ni kijana, nadhani ananizidi mwaka mmoja au miwili. Nilimuuliza amesomea wapi kama mama alivyosema, akacheka, akanijibu.

Ukuta wa siri alinieleza kabla ya kila kitu, karibu maneno yale yale. Halafu dakika arobaini zote tumeongea viazi. Jinsi ya kupanga lumbesa zisiegemee upande mmoja, bei ya Isongole na ya Dar, nani anakaa juu ya mzigo, nani anafunga turubai. Nilikuwa nataka kumwambia muda unakwisha, hujaniuliza chochote. Kisha akaniuliza turubai alikuwa anafunga nani. Nikataja jina lake. Toka mazishi sikuwa nimelitaja kwa sauti.

La asubuhi ile bado. Hakunidai. Kasema lipo, litasubiri.

Mlio wa breki nimeurekodi Mlima Nyoka juzi, simu nimeinyoosha mkono huku nimegeuka upande wa pili. Kwa vipimo vyenu vya sokoni, lilikuwa debe la kufurika. Sijausikiliza bado.

Narudi Jumanne saa nane mchana. Mke wangu nimemwambia bajaji naipeleka gereji.